Mstari wa kumi na mbili: kisa cha mchezo wa vidoti Mtambwe

Msimu wa karafuu Pemba kuna kazi mbili zinazomweka mtu barazani kutwa: kuchambua makonyo na kulinda majamvi. Karafuu zikishaanikwa lazima awepo wa kuzigeuza, wa kufukuza kuku, na wa kuzikusanya mbio wingu likitanda. Mikono ina kazi lakini kichwa kiko huru, na hapo ndipo michezo inapoingia. Kisa hiki kilitokea Mtambwe, upande wa Wete, kati ya kijana wa skuli ya msingi na ami yake, mcheza bao anayeogopwa mtaa mzima. Walicheza vidoti nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa nimekaa pembeni yao tangu mstari wa kwanza, na ukurasa nikaupiga picha.

Mchezo wenyewe wengi wetu tumeucheza skuli mwalimu akichelewa. Mnapanga vidoti kwa safu, kila mtu kwa zamu yake anaunganisha vidoti viwili vinavyopakana, wima au mlalo. Anayechora ukuta wa nne wa kijumba anaandika herufi yake ndani, kijumba kinakuwa chake, na papo hapo analazimika kuchora mstari mwingine. Mistari ikisha, mnahesabu vijumba. Wao walipanga vidoti 16, vinne kwa vinne, kwa hiyo vijumba 9 na mistari 24. Ami ndiye aliyeanza.

Ili tuelewane, vijumba nitavipa namba kama vitufe vya simu: safu ya juu 1, 2, 3, ya kati 4, 5, 6, ya chini 7, 8, 9. Anayetaka kufuata vizuri achukue karatasi achore nami, maana kisa chote kimo ndani ya mistari michache.

Mistari 11 ilishachorwa na hakuna aliyepata kitu. Ukuta wa nje wa juu ulikuwa umejaa, juu ya 1, 2 na 3. Upande wa kulia ulifungwa kwa 6 na 9, ubavuni mwa 3 pakawa wazi. Chini palifungwa kwa 7 na 9, chini ya 8 wazi. Upande wa kushoto haukuguswa kabisa. Ndani kulikuwa na mistari minne: kati ya 2 na 5, kati ya 3 na 6, kati ya 4 na 7, na kati ya 5 na 8. Sita ya ami, mitano ya kijana, na zamu ni ya kijana. Ukihesabu kuta utaona 1, 4 na 8 vina ukuta mmoja mmoja, na vijumba sita vilivyobaki vina kuta mbili mbili.

Kijana alikuwa anajua sheria ambayo kila mtoto anajifunza baada ya kufungwa mara mbili tatu: usimpe mwenzio ukuta wa tatu. Mstari unaoacha kijumba na kuta tatu ni zawadi. Kwa hiyo alikuwa akitafuta mstari salama, na mistari salama ilikuwa minne tu ukurasa mzima: chini ya 8, kati ya 1 na 4, kushoto kwa 1, na kushoto kwa 4. Mingine yote ingegusa kijumba chenye kuta mbili tayari.

Akachora chini ya 8. "Salama," alisema.

Ami alichukua kalamu ya risasi, akachora kati ya 1 na 4, akairudisha kalamu. "Haya baba, pita."

Kijana aliinama juu ya daftari muda mrefu. Kila alipopeleka ncha ya kalamu aliirudisha. "Ami, hapana pa kupita."

"Najua."

Kweli hapakuwa na pa kupita. Kila kijumba sasa kilikuwa na kuta mbili, na ukurasa umegawika njia mbili ambazo hazikutani. Ya kwanza ni safu ya juu: unaingia kushoto kwa 1, unapita 2, unatokea kulia kwa 3. Ya pili inaingia kushoto kwa 4, inapita 5 na 6, inashuka 9, inarudi 8, inatokea kushoto kwa 7. Njia kama hizi nitaziita minyororo. Wa juu una vijumba vitatu, wa chini sita. Anayechora mstari wowote ndani ya mnyororo anaufungua, na mwenziwe anaweza kuula wote, kijumba baada ya kijumba.

Kijana alifanya alichofundishwa na akili ya kawaida: kama lazima utoe, toa kidogo. Akachora kushoto kwa 1. Ami akachora kati ya 1 na 2, akaandika herufi yake ndani ya 1. Sasa 2 ilikuwa na kuta tatu, inasubiri kuliwa, na 3 ingefuata. Waliokuwa wakichambua karafuu walishaacha makonyo wanatazama. "Kula, mzee, kula vyote!" Badala ya kula, ami akapeleka kalamu ukingoni, akafunga ubavu wa kulia wa 3.

"Ami, umeviacha viwili!"

"Vyako hivyo. Chukua."

Mmoja wa watazamaji alidhani mzee kamhurumia mtoto. Kijana akachora kati ya 2 na 3, na kwa mstari huo mmoja vijumba viwili vikafungwa pamoja. Herufi yake mara mbili, uso ukamchangamka. Kisha akakumbuka kwamba aliyefunga lazima achore tena, akatazama kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa ni mnyororo wa sita peke yake. Akaufungua. Ami akaula kuanzia 4 mpaka 7 bila kunyanyua macho. Saba kwa mbili.

Watu walicheka, karafuu zikageuzwa, na mazungumzo yakawa juu ya vile vijumba viwili vilivyoachwa. Ni kweli pale pana ustadi, na inafaa ueleweke. Lau ami angekula vitatu vya juu, yeye ndiye angekuwa amefunga kijumba cha mwisho cha safu ile, kwa hiyo yeye ndiye angelazimika kuchora tena, na pa kuchora ni ndani ya mnyororo wa sita tu. Kijana angekula sita. Tatu kwa sita, mzee kafungwa. Kwa kuacha viwili alimlazimisha kijana kula, na kula ndiko kulikomfunga. Alinunua zamu kwa vijumba viwili akalipwa sita. Kijana angekataa kuvila? Angeweza kuchora kwengine, lakini kwengine ni mnyororo ule ule wa sita, na viwili vile vingebaki mezani navyo viliwe na ami. Kuanza kwa kuufungua mnyororo wa sita pia hakumsaidii: ami anakula vinne, anaacha viwili vya mwisho, kijana anavifunga kwa mstari mmoja, halafu analazimika kufungua safu ya juu. Nne na tatu ni saba. Matokeo hayabadiliki.

Lakini mimi sikubali kwamba mchezo uliamuliwa pale. Ami alipoacha viwili alikuwa anakusanya kilichokwisha kuwa chake. Mchezo uliamuliwa katika mstari wa kumi na mbili, ule wa chini ya 8, uliochorwa kwa neno "salama" na ambao hakuna aliyeutazama mara ya pili. Kuuona huo lazima tuhesabu zamu.

Zamu moja ni mistari yote anayochora mtu mpaka ampishe mwenziwe. Kila zamu inaishia kwa mstari usiofunga kitu, isipokuwa zamu ya mwisho kabisa, ambayo inakatika kwa sababu ukurasa umejaa. Sasa tazama mchezo wao. Mistari 24. Vijumba 9 vilifungwa kwa mistari 8, kwa sababu mstari mmoja, ule wa kati ya 2 na 3, ulifunga viwili. Inabaki mistari 16 isiyofunga kitu, na kila mmoja ulimaliza zamu. Ongeza zamu ya mwisho, zinakuwa 17. Kumi na saba ni witiri, na zamu za witiri ni za aliyeanza. Aliyeanza ni ami. Ndiyo maana mnyororo wa mwisho ulimwangukia yeye.

Ile 16 ndiyo idadi ya vidoti, na haikutokea kwa bahati. Katika mraba wowote wa mchezo huu, mistari ukitoa vijumba ukaongeza moja unapata vidoti: 24 toa 9 ongeza 1 ni 16, kwenye vidoti 25 kuna mistari 40 na vijumba 16, nayo 40 toa 16 ongeza 1 ni 25. Kwa hiyo idadi ya zamu ni vidoti ukiongeza mistari pacha, yaani ile inayofunga vijumba viwili kwa mkupuo. Na mistari pacha inatoka wapi? Inatoka katika kila mnyororo mrefu, wa vijumba vitatu au zaidi, ambao mwenye usukani, yaani anayemlazimisha mwenziwe kufungua minyororo, anauachia viwili. Wa mwisho tu ndio haachii kitu, anaula wote. Minyororo mirefu ikiwa miwili, mstari pacha ni mmoja. Ikiwa mmoja, hakuna.

Hapo unapata kanuni ambayo ningependa kila mtoto anayecheza vidoti aijue. Chukua vidoti, ongeza minyororo mirefu. Jumla ikiwa shufwa, usukani ni wa aliyeanza. Ikiwa witiri, ni wa wa pili. Mchezo huu ulishaandikwa mwaka 1889 na Mfaransa Édouard Lucas, aliyesema umetoka kwa wanafunzi wa École Polytechnique, lakini aliyeifanya hesabu ya minyororo kuwa elimu kamili ni Mmarekani Elwyn Berlekamp, mwanahisabati, karne nzima baadaye. Ami hajapata kumsikia yeyote kati yao. Amekulia kwenye bao, mashimo 32 na kete 64, ambako hunyanyui kete kabla hujajua ya mwisho itaangukia wapi, na tabia hiyo alikuja nayo kwenye daftari.

Kwa vidoti 16, basi, ami alitaka minyororo shufwa na kijana alihitaji witiri. Kijana hakuhitaji kushindana kwa vijumba. Alihitaji mnyororo mmoja badala ya miwili. Na alipokuwa na zamu ya kumi na mbili, kuupata kulikuwa mikononi mwake.

Turudi kwenye mistari minne salama. Ule wa chini ya 8 hauna ndugu. Ukichorwa, umechorwa, haugusi kitu kingine. Mitatu iliyobaki imefungamana, na hapa ndipo pana uhondo. Ukichora kati ya 1 na 4, vyote viwili vinapata kuta mbili, na mara moja kushoto kwa 1 na kushoto kwa 4 si salama tena. Mstari mmoja umeua miwili. Lakini ukichora kushoto kwa 1, kijumba cha 1 kimetimiza kuta mbili, kwa hiyo mstari wa kati ya 1 na 4 ndio uliokufa, huku kushoto kwa 4 pangali salama. Kona ile ya kushoto inaweza kuliwa kwa hatua moja au kwa hatua mbili, na anayeigusa kwanza ndiye anayechagua. Hatua moja inatoa minyororo miwili. Hatua mbili zinaacha mlango wazi kati ya 1 na 4, safu ya juu inaungana na nyoka wa chini, na vijumba vyote tisa vinakuwa mnyororo mmoja.

Kijana alipochora chini ya 8 alitumia hatua isiyo na ndugu akamwachia ami kona. Ami akachagua hatua moja. Lau kijana mwenyewe angechora kati ya 1 na 4, ami angechora chini ya 8, na tungefika pale pale. Mistari miwili kati ya minne ilikuwa inamfunga, na yote miwili ilikuwa "salama".

Sasa mpe kijana kushoto kwa 1. Mistari salama iliyobaki ni miwili, kushoto kwa 4 na chini ya 8. Ami akichukua mmoja, kijana anachukua wa pili. Mistari 14 imechorwa, zamu ya kumi na tano ni ya ami, kila kijumba kina kuta mbili, na hakuna pa kupita. Safari hii anayeinama juu ya daftari ni mzee. Popote atakapofungua, kijana anakula mnyororo mzima. Tisa kwa sifuri.

Ami si mtu wa kukubali hivyo, na mchezaji makini lazima ajiulize mzee angepindisha vipi. Njia pekee ni kutoa sadaka: kutoa vijumba makusudi ili kuharibu hesabu ya zamu. Nimezipitia sadaka zote za zamu ya kumi na tatu na zote zinashindwa, ingawa si kwa kiasi kimoja. Akijaribu kuukata mnyororo kwa kuchora kati ya 1 na 4, kijumba cha 1 kinapata kuta tatu, kijana anakula 1, 2 na 3, halafu bado anao mstari salama wa chini ya 8, anauchora, na ami analazimika kufungua sita. Akiitoa 7 kwa kuchora kushoto kwake, kijana anaila, ule wa chini ya 8 unakufa, lakini kushoto kwa 4 pangali pazima. Kijana anapachora na mnyororo wa nane unafunguliwa na mzee. Sadaka kali zaidi ni kuchora kati ya 6 na 9. Kijana akila 6, 5 na 9, mistari yote salama inakufa kwa pamoja na yeye ndiye anayetakiwa kuchora. Pakavu kabisa. Lakini ukurasa umebaki na mnyororo mfupi wa 7 na 8, na mrefu wa 1, 2, 3 na 4. Kijana anafungua ule mfupi kwa kuchora katikati, kati ya 7 na 8. Akichora pembeni, ami anaweza kumwachia vyote viwili na kumrudishia zamu. Akichora katikati, ujanja huo haupo, kwa sababu kila kijumba kinafungwa kwa mstari wake. Ami anakula viwili, anafungua mrefu, kijana anakula vinne. Saba kwa mbili, mara hii kwa kijana.

Siyo kila mchezo wa karatasi unaotoa nafasi hiyo ya kuchagua. Upo mmoja unaofanana nao kwa sura, wa misalaba. Mnachora misalaba miwili, mikono minane. Kila mtu kwa zamu yake anaunganisha mikono miwili iliyo huru kwa mstari uliopinda usiokata mwingine, kisha anakata kistari kifupi katikati yake ili kuzaa mikono miwili mipya. Anayekosa pa kuchora kafungwa. Unaonekana mgumu, lakini kwa misalaba miwili mistari ni 8 daima, mcheze mnavyocheza, na wa pili ndiye anayechora wa mwisho. Ndugu yake unaoanza kwa vidoti badala ya misalaba, ambao si huu wetu wa vijumba, uliobuniwa Cambridge mwaka 1967 na John Conway na Michael Paterson, hauko hivyo: humo idadi ya mistari inaweza kusogezwa, na kushindana ni kushindana juu ya kusogeza huko. Vidoti vya Mtambwe ni vya kundi hili la pili. Shufwa na witiri haziji zimeandikwa. Zinachorwa, mara nyingi kwa mstari mmoja pembeni.

Kanuni hii inampa mtu usukani, na usukani una gharama. Kila mnyororo unaouachia viwili unakutoa vijumba, na mnyororo wa vitatu ukiuachia viwili unabaki na kimoja. Safu tatu za vitatu vitatu kwenye ukurasa huu wa vidoti 16 bado zinamlipa mwenye usukani: kimoja, kimoja, vitatu, tano kwa nne. Kwenye ukurasa mkubwa, ukikuta minyororo mitano ya vitatu na hakuna kingine, mwenye usukani anapata kimoja mara nne na vitatu mwisho, saba, na mwenziwe nane. Kwa hiyo anayejua yuko upande mbaya wa hesabu asikate tamaa; aikatekate minyororo iwe mifupi ili usukani usimlipe mwenziwe. Hilo kwenye vijumba 9 ni gumu, nafasi haitoshi. Kwenye 16 na kuendelea ndipo linapoanza kuwa silaha.

Nilipomwonyesha kijana mstari wa kushoto kwa 1, hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Na nikianza mimi?" Hilo ndilo swali lenyewe. Akianza yeye kwa vidoti 16, anataka shufwa, na kazi yake ni ile aliyoifanya ami: kukata kona mapema ili pawe na minyororo miwili. Kwa vidoti 25 mambo yanageuka, anayeanza anataka witiri, mmoja au mitatu. Ami aliposikia alisema tu, "Basi leo utanisumbua," akamwachia aanze, na kijana akafungua ukurasa mpya akapanga vitano kwa vitano.